Siku Meno ya Baba Yalipogoma Kupiga Mluzi

Jumapili moja alasiri, ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi, baba yangu alitia vidole viwili mdomoni, akavuta pumzi, akapuliza.

Kikatoka kitu kama tairi la baiskeli linaloisha upepo.

Waulize wazee wa mji wetu, watakwambia haiwezekani. Mluzi wa Mzee Ermes Bertolazzi ugome? Thubutu! Mluzi ule uliwarudisha makwao waimbaji wa nusu ya Italia, wengine wakiwa bado wamevaa mataji ya kifalme.

Basi uligoma. Na aliyeyachezea yale meno ni mimi, binti yake wa kumzaa, kwa mikono yangu hii.

Kaa nikupe mkasa mwenyewe, maana ukiusikia kwa watu wa hapa mkoani Emilia wataongeza chumvi. Chumvi ndiyo biashara yetu.

Mimi naitwa Fosca. Natengeneza meno ya bandia.

Baba alikuwa akitia chumvi mapaja ya nguruwe na kuyaning'iniza yakauke. Hiyo ilikuwa kazi ya kumweka mjini tu. Kazi yake hasa ilikuwa kule juu, loggione.

Loggione ni ghorofa ya mwisho ya ukumbi wa opera, chini kabisa ya dari. Mabenchi magumu, joto la tanuri. Wenye manyoya na mikufu wanakaa chini kwenye viti vya mahameli, wanaingilia mlango mkubwa. Sisi tunaingilia uchochoroni, tunapanda ngazi zetu wenyewe, na hatuchangamani nao hata kwenye mapumziko.

Wao wanakuja kuonekana. Sisi tunakuja kuhukumu.

Baba alikuwa na kiti chake pembeni kabisa, kwenye reli ya chuma. Kiti kibovu kuliko vyote. Ukikaa pale unaliona jukwaa nusu tu. Nusu nyingine unaona kamba, vumbi, na mzimamoto wa zamu akipiga miayo nyuma ya pazia la kando.

"Opera haitazamwi," alikuwa akisema. "Inasikilizwa. Anayetaka kutazama akatazame mpira."

Sheria ya kule juu ilikuwa moja. Hakuna anayepiga mluzi kabla ya Ermes. Akipiga yeye, wote wanapiga, na mwimbaji akafungashe virago.

Meno yake ya Mungu yalipoisha, nilimtengenezea mengine. Akagoma kutoka kwenye kiti cha karakana yangu.

"Weka mwanya hapa mbele."

"Baba, utaonekana kijana mhuni."

"Ya kutafunia nitapata popote. Mimi nataka ya kupigia mluzi. Mwanya ndio siri."

Nikaweka mwanya. Akayajaribu palepale. Mteja aliyekuwa kiti cha pili, mdomo umejaa plasta, nusura aimeze.

Sasa tuje kwa Gualtiero.

Gualtiero Sassi ni mtu wa Piacenza, mji jirani tunaoshindana nao, na kwetu hilo peke yake ni kosa. Alikuja ukumbini kwetu akiwa kijana, tenori, yaani mwanaume wa sauti ya juu. Akaimba vizuri tu mpaka alipofika kwenye ile noti ambayo watu wa hapa wanaisubiri kama sadaka.

Sauti ikapasuka.

Baba akapiga mluzi. Loggione nzima ikafuata. Halafu, kelele zilipotulia, baba akainama kwenye reli akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Kijana, nenda nyumbani. Umemkanyaga paka wako, anakulilia."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kiongozi wa okestra alilazimika kuweka fimbo chini. Kesho yake asubuhi mama wa mkahawa wa stesheni alikataa kumuuzia Gualtiero kahawa. Eti kwa koo lile, asije akalaumiwa yeye.

Gualtiero akaachana na majukwaa. Akawa anafundisha kwaya ya watoto huko kwao na kuimba kwenye misiba. Alikuja kwangu miaka mingi baadaye na jino lililovunjika. Akacheka na pengo lake. Mimi nikaisha.

Moyo hauendi kuomba ruhusa loggione.

Krismasi iliyopita nilimwambia baba tunataka kuoana mwezi wa tano. Tulikuwa mezani, supu ya anolini, vile vitambi vya mviringo vyenye nyama ndani, inatoa moshi, na Bi Zaira, jirani yetu wa nyumba na wa benchi kule juu, alikuwa mgeni wetu.

Baba akaweka kijiko chini. "Yule wa paka?"

"Ana jina, baba."

"Paka?"

"Baba!"

"Sikiliza, Fosca. Siku mtu yule akikaa kwenye meza hii, mimi nitakula uani na Bemolle."

Bemolle ni mbwa wetu. Mzee, mchafu, na ana gesi.

Bi Zaira akafanya ishara ya msalaba. Jioni ile loggione yote ilikuwa na habari. Na kule juu kuna msemo: neno la loggione haliliwi. Ukishalitema, umelitema.

Nilikuwa nimebaki na baba tu, mama alishatangulia. Nilimtaka anishike mkono kanisani, na nilimtaka akae meza moja na mume wangu. Sikutaka kuchagua.

Basi ikafika Jumapili yenyewe.

Baba alikuwa amepasua meno yake akitafuna jozi, kokwa ngumu kama jiwe, nikayachukua kuyatengeneza. Tulikubaliana ayapitie karakana kabla ya kwenda kwenye onyesho la alasiri. Ilikuwa opera ile ambayo huku mtoto anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na atakayeimba ni Amilcare Zoni, mtoto wa muoka mikate wa mtaani kwetu, mboni ya jicho la loggione.

Saa za chakula, simu ikaita. Gualtiero.

"Fosca, kaa chini."

"Nimekaa. Nimeshika meno ya baba."

"Amilcare hana sauti. Homa, koo limefunga, anaongea kama mlango mbovu. Kutembea jukwaani anaweza. Kuimba, hapana."

"Pole yake."

"Wamenipigia mimi. Ndimi pekee wa karibu ninayeujua wimbo wote. Yeye ataigiza na kufunguafungua mdomo, mimi nitaimba nyuma ya pazia la kando."

Presha ikanipanda. "Na watu wataambiwa?"

"Mkurugenzi atatoka kutangaza kabla pazia halijafunguliwa. Atataja jina langu. Ndio utaratibu."

"Baba atakuwa juu."



"Fosca, nimekubali kwa sababu nimechoka kukimbia. Lakini nikipigiwa mluzi mara ya pili, basi. Hata msibani sitafungua kinywa. Na huo mji wenu sitaukanyaga tena, hata kwa kanisa, hata kwa kukufuata wewe. Nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia."

Akakata simu.

Nikayatazama meno. Meno yakanitazama, na mwanya wake katikati, yananichekea.

Nikasema, leo tutaona nani mkubwa. Nikachukua ile dawa tunayozibia, nikaujaza ule mwanya, nikausugua, nikaupiga msasa mpaka ukalainika. Kazi safi. Hata daktari wa meno asingegundua.

Mluzi nimeuweza. Tangazo je?

Maana loggione wakishasikia jina la mtu wa paka, hata malaika akishuka aimbe, hawatamsikiliza. Wataguna tokea mwanzo mpaka mwisho. Nilizunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu jicho likatua kwenye kitambaa nilichokuwa nafutia meza.

Skafu. Mteja mmoja alinizawadia. Rangi ya zambarau.

Sasa, kwetu unaweza kuingia ukumbini umelewa, unaweza kuingia na soseji mfukoni, lakini zambarau haiingii. Wazee wanasema zamani, mapadri walipovaa zambarau za Kwaresima, kumbi zilifungwa na waimbaji wakafa njaa. Rangi ile ni nuksi tupu. Nikaifua haraka haraka, nikaikausha kwa mashine ya nywele, nikajifunga shingoni na kufunika na koti.

Baba akaja, akayapachika meno, akayagonganisha.

"Yanabana."

"Yatakuzoea."

Akainua vidole viwili ayajaribu. Roho ikaniruka! Bahati nzuri Bi Zaira akaita kutoka barabarani: "Ermes! Utatukuta tumeshazeeka!"

Akavishusha, tukaondoka.

Kule juu palikuwa pameshona. Baba kwenye kona yake, Bi Zaira katikati yetu na mfuko wake wa kufuma, mimi pembeni. Taa zikaanza kufifia. Pazia likagawanyika kidogo, mkurugenzi akatokeza, akakohoa.

"Mabibi na mabwana, kwa masikitiko makubwa..."

Nikasimama. Nikafungua koti.

Bi Zaira ndiye aliyeona kwanza. "Zambarau! Mama Maria, zambarau!"

Kimenuka. Wanawake wakashika chuma cha reli. Wanaume, kila mmoja akapeleka mkono pale ambapo wanaume wa huku hupeleka mkono wakiogopa mkosi, na hapo si mfukoni.

"Fosca, umerukwa na akili?"

"Ni samawati hii, Bi Zaira. Mwanga tu."

"Samawati ya maiti!"

"Mtoeni nje!"

"Itoeni skafu, mwacheni mtoto!"

"Kimya huko juu!" wakapiga kelele wa mahameli.

"Kimya ninyi!" Bi Zaira akawajibu, nusu ya mwili imeshapita reli. "Sisi huku tuna mkosi!"

Baba akanyanyuka, akanivua ile skafu, akaikunja, akaiweka kwenye benchi na kuikalia. Hivyo ndivyo mkosi unavyozimwa, eti. Watu wakapumua.

Tulipotulia, mkurugenzi alishaondoka na okestra imeanza. Chini walijua kila kitu. Juu tulikuwa gizani, na mimi nilikuwa nimeng'ata kidole.

Amilcare akaingia jukwaani na joho lake. Akafungua mdomo.

Sauti ikatoka.

Naapa, nywele zilinisimama. Haikuwa ya yule kijana wa paka tena. Ilikuwa imeshiba, imezika watu wengi, haina haraka na mtu.

Bi Zaira akanipiga kiwiko. "Sikia! Huyo ndiye wetu! Sauti iliyokulia kwenye mkate wetu."

Mzee mmoja wa nyuma akadakia: "Piacenza hata wapewe miaka mia hawawezi kutoa mtu kama huyu."

"Piacenza wanatoa vitunguu."

Nikauma midomo nisicheke. Baba alikuwa ameegemea reli, uso umegeukia kando, kama siku zote.

Ikafika ile noti. Wote tuliacha kupumua. Nilimwazia Gualtiero kule nyuma ya pazia, peke yake, na ile aibu ya ujanani imemkaa kooni.

Ikapanda. Ikafika. Ikakaa pale juu kama mtu aliyerudi kwao.

Machozi yakanitoka. Na kabla mtu yeyote hajapiga kofi, baba akasimama.

"Bis!" Yaani arudie. "Bis!"

Mashavu yake yalikuwa yamelowa. Baba yangu, ambaye mama alipofariki alilia akiwa amefungia mlango. Loggione ikalipuka. Bis! Bis! Vumbi likatudondokea kutoka darini.

Amilcare akageukia pazia la kando, macho yamemtoka. Kiongozi wa okestra akatabasamu, akainua fimbo. Wimbo ukaanza upya. Na maskini Amilcare, katikati ya wimbo, kikohozi kikambana. Akafumba mdomo, akainama, mabega yanatikisika.

Sauti ikaendelea vilevile.

"Mnaona?" Bi Zaira akanong'ona, mikono kifuani. "Anaimba mdomo umefungwa! Hiyo ni mbinu ya zamani. Siku hizi hawafundishwi."

Onyesho likaisha, waimbaji wakatoka kushukuru. Amilcare akapokea makofi, akatikisa kichwa, akaonyesha koo lake. Halafu akaingia kando na kumvuta mtu kwa mkono. Mtu amevaa sweta na miwani, karatasi za muziki bado amezikumbatia. Amilcare akapiga goti mbele yake.

Chini wakasimama wote kupiga makofi.

Juu, kimya.

"Nani yule?" akauliza Bi Zaira. Halafu akajijibu mwenyewe. "Hee! Yule... yule wa paka!"

"Wa Piacenza?"

"Tumepigwa! Tumelizwa na mtu wa vitunguu!"

Manung'uniko yakapanda kama maziwa jikoni. Hakuna mtu mbaya kama mjuzi aliyekosea. Vichwa vyote vikageukia kona ya baba. Kule chini Gualtiero akainua uso. Kile kiti alikikumbuka vizuri.

Baba akainuka taratibu. Akatia vidole viwili mdomoni.

Nikasema moyoni, ee Mungu, ile dawa ishike.

Pfffff.

Akajaribu tena. Pfffff, na mate.

Ya tatu ilikuwa mate tu. Baba akatoa meno, akayainua yaonekane kwenye mwanga, akayatazama kama mtu aliyesalitiwa na rafiki wa utotoni.

"Yamegoma," akatangaza. "Meno yamegoma."

Hakuna mtu kule juu aliyewahi kuona kitu kama hicho. Sheria ilikuwa haina kipengele cha meno. Baba akayarudisha mdomoni, akabaki kasimama, mikono haina kazi. Basi akaipa kazi. Akapiga makofi.

Bi Zaira akamwangalia, akashusha pumzi, naye akapiga. Akafuata wa nyuma, na wa nyuma yake, mpaka lile dari likatetemeka upya.

Gualtiero akavua miwani, akajifuta macho kwa karatasi za muziki.

Usiniulize jinsi nilivyovimba kichwa wiki ile. Nilijiona mjanja kuliko sungura. Skafu moja, dawa ya kuzibia kidogo, na loggione nzima nimeitia mfukoni.

Jumapili iliyofuata Gualtiero akaja kwetu kula. Baba alimfungulia mlango mwenyewe.

"Karibu. Ile noti uliiachia mapema kidogo."

"Nimekusikia, mzee."

"Bakuli lako lile pale."

Halafu akachukua bakuli lake na kijiko, akavaa kofia, akafungua mlango wa uani.

"Baba, nje ukungu!"

"Niliapa. Neno la loggione haliliwi."

Akatoka. Tulimwona dirishani, amekaa juu ya kreti, supu inafuka mapajani. Gualtiero akaweka kijiko chini. Hamu ya kula ikatutoka sote wawili. Nilijisikia mdogo. Ujanja wangu wote, na baba yangu yuko nje kwenye baridi.

Bemolle hakuwepo, alikuwa kwa jirani akitafuta makombo.

Ghafla, mluzi.

Si mluzi wa kubahatisha. Ule wenyewe. Glasi zikalia kabatini, njiwa wakaruka paani, Gualtiero akainama chini ya meza kwa mazoea.

Nikatoka mbio. Bemolle alikuwa anakuja anachechemea, mkia juu. Baba alikuwa anafuta vidole kwenye suruali.

"Baba. Hayo ni meno gani?"

"Yako. Mazuri. Yanabana kidogo."

"Niliziba mwanya."

"Najua. Ulimi wangu si mgeni kinywani mwangu. Nilijua kabla hatujafika kwenye ngazi."

"Sasa umepigaje?"

"Mwanangu, nilianza kupiga mluzi kabla mama yako hajanijua, na meno niliyopewa na Mungu hayakuwa na nafasi ya kupitisha hata uzi. Mwanya ni mbwembwe. Watu wanapenda mbwembwe."

Nikakaa chini, kwenye ngazi ya baridi. "Kwa hiyo siku ile..."

"Siku ile niliijua sauti ya mtu wako kwenye neno la kwanza. Na hata nisingeijua, pale ninapokaa naona nyuma ya pazia. Nilimwona mzimamoto anamshikia glasi ya maji. Aliimba ameshika kamba kwa mkono mmoja asianguke." Akakoroga supu. "Mtu anayeimba hivyo huku anaogopa hivyo, nilimkosea."

"Si ungepiga makofi tu, baba? Kulikuwa na haja gani ya maigizo yote yale?"

"Mbele ya Zaira? Mbele ya wale wote wanaosubiri niseme mimi? Nilishatoa neno, Fosca. Neno halirudi." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona anacheka kwa macho. "Lakini meno yakigoma, mzee afanye nini?"

Akamimina supu iliyobaki kwenye sahani ya Bemolle. Mbwa akailamba yote, akashukuru kwa njia yake. Baba akaziba pua, akasimama.

"Haya. Nimekula na mbwa kama nilivyoapa, nawe shahidi. Sasa nina njaa."

Akaingia ndani, akavuta kiti, akakaa bega kwa bega na Gualtiero na kumwongezea supu kabla hajaomba.

Ndugu yangu unayesoma, siku ukimwona mzee ameshindwa mbele za watu, usiwahi kujisifu kwamba umemuweza. Tazama kwanza ameshindwa kwa faida ya nani. Wako wazazi ambao neno samahani halijawahi kupita kinywani mwao tangu wazaliwe. Hao wakikuomba msamaha, watasingizia meno.